Baba akitembea kigimbi kinamkaza: kidonge kipi kinasaidia?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, ana kisukari na presha, na bado anavuta sigara tatu nne kwa siku. Akitembea kama mita 150 kigimbi cha mguu wa kulia kinamkaza mpaka asimame. Akipumzika kidogo anaendelea. Hospitali walimpima presha ya mguu na ya mkono wakasema mishipa imeziba, kipimo kikatoka 0.62. Walimpa aspirini miligramu 75 na atorvastatini miligramu 20, juu ya metformini na amlodipini anazotumia siku zote. Miezi miwili imepita, maumivu yako palepale. Duka la dawa wamempa diklofenaki na vitamini B, na omeprazoli kwa ajili ya kiungulia. Sasa jirani anatuambia tutafute pentoksifilini au silostazoli. Ipi hasa ndiyo dawa ya maumivu haya?

Jibu: Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Aspirini na atorvastatini zibaki, ila hiyo atorvastatini ni ndogo. Diklofenaki aiache leo. Pentoksifilini msiinunue. Silostazoli inaweza kumsaidia, kwa sharti moyo wake upimwe kwanza na suala la omeprazoli limalizwe. Na kutembea kwa mpango maalumu, ambao nitaueleza, kunampa mtu mita nyingi kuliko kidonge chochote kati ya hivyo.

Maumivu ya baba yanakuja kwa sababu msuli wa kigimbi ukifanya kazi unadai damu nyingi kuliko inayoweza kupita kwenye ateri iliyosinyaa. Akisimama, mahitaji yanashuka na maumivu yanakwisha ndani ya dakika chache. Kidonge cha kutuliza maumivu kinahitaji nusu saa au zaidi kabla hakijaanza kazi, kwa hiyo kinafika wakati maumivu yameshaondoka yenyewe. Hata akikimeza kabla ya kutoka nyumbani, kinachopunguzwa ni kemikali za uvimbe, ilhali tatizo lake ni uhaba wa oksijeni. Ndiyo maana watu wa hali yake hubadilisha dawa za maumivu mwaka mzima bila nafuu.

Diklofenaki ina ubaya wa ziada. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa agizo kwamba isitumiwe kabisa na mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyepata kiharusi, mwenye moyo ulioshindwa kazi, au mwenye ateri za miguu zilizosinyaa. Baba yumo kwenye orodha hiyo kwa kipimo chake cha 0.62, yaani presha ya mguu wake ni asilimia 62 tu ya ile ya mkono. Dawa hii huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya ateri, hufanya mwili ushike chumvi na maji hadi presha ipande, na huumiza figo ambazo kisukari tayari kinazisumbua. Ikiunganishwa na aspirini, tumbo linachubuka. Huenda hicho kiungulia chake kimeanzia hapo. Ibuprofeni nayo si mbadala mzuri: ikitangulia aspirini inakaa mahali pale pale aspirini inapotakiwa kushika kwenye chembe sahani za damu, na kinga ya aspirini inapungua. Kama ana maumivu mengine, ya goti au mgongo, atumie parasetamoli, gramu 1 kila mara, isizidi gramu 3 kwa siku kwa umri wake.

Vitamini B haina kosa, ila haifungui ateri. Ina nafasi yake kwa mtu aliyetumia metformini miaka mingi akapungukiwa vitamini B12, jambo linalotokea na huleta ganzi miguuni. Hilo linapimwa kwenye damu.

Kwa nini aspirini na atorvastatini hazijatuliza maumivu

Hazikutolewa kwa kazi hiyo, na ni bahati mbaya kwamba mara nyingi mgonjwa haelezwi. Ateri ya mguu ikiwa imesinyaa, za moyo na za ubongo kwa kawaida nazo zimeguswa. Wagonjwa hawa hufa kwa mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wanavyopoteza mguu. Vidonge hivyo viwili vinalinda uhai. Akiviacha kwa sababu "havifanyi kazi", ameacha vile vyenye faida kubwa kuliko vyote.

Vinaweza kuboreshwa lakini. Badala ya aspirini, klopidogreli miligramu 75 mara moja kwa siku ni chaguo zuri. Katika utafiti wa CAPRIE wa mwaka 1996, uliohusisha wagonjwa 19,185, klopidogreli iliishinda aspirini kidogo kwa jumla, na faida ilionekana zaidi kwa wenye ugonjwa wa ateri za miguu. Anatumia moja kati ya hizo mbili. Kuzitumia zote pamoja bila sababu maalumu, mfano stenti mpya (kijibomba cha kuishikilia ateri iwe wazi), kunaongeza kutokwa na damu tu.

Kwa atorvastatini, kipimo cha ugonjwa huu ni miligramu 40 hadi 80. Miligramu 20 ni ya mtu anayejikinga kabla hajaugua. Lengo la madaktari wa Ulaya ni kolesteroli mbaya, ile ya LDL, ishuke chini ya milimoli 1.4 kwa lita (ni sawa na 55 kwenye maabara zinazoandika miligramu kwa desilita) na ipungue angalau nusu ya ilivyokuwa. Isiposhuka kwa kipimo cha juu, huongezwa ezetimibi miligramu 10. Na hapa kuna faida kidogo hata kwenye kutembea: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003 kwa watu 354, waliotumia atorvastatini miligramu 80 kwa mwaka mmoja waliongeza muda wa kutembea bila maumivu kwa asilimia 63, na waliopewa kidonge bandia asilimia 38. Muda wa juu kabisa wa kutembea haukubadilika, kwa hiyo msiitarajie kufanya maajabu. Miezi miwili ya miligramu 20 ni mapema mno kuihukumu.

Wakipandisha kipimo, jihadharini na maumivu mapya ya misuli. Ya atorvastatini huja pande zote mbili, mara nyingi mapajani na mabegani, na yapo hata mtu akiwa amekaa. Ya ateri huja akitembea na huondoka akisimama. Yakija ya aina ya kwanza apimwe kimeng'enya cha misuli cha CK, asiache dawa kimyakimya. Na kama dukani watapendekeza simvastatini kwa sababu ni rahisi kwa bei, wakumbusheni anatumia amlodipini: zikiwa pamoja, simvastatini isizidi miligramu 20, na kiasi hicho hakimtoshi.

Kuna pia rivaroksabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini, iliyojaribiwa kwenye utafiti wa COMPASS wa mwaka 2017 kwa watu zaidi ya 27,000. Ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na matatizo makubwa ya miguu, na iliongeza kutokwa na damu kwingi. Ni uamuzi wa daktari wa moyo au wa mishipa baada ya kuangalia tumbo, figo na wingi wa damu. Ninachowaonya ni kukata vipande kidonge cha miligramu 20 ili kupata 2.5, mikato haitoki sawa, na dawa ya kuzuia damu kuganda haivumilii kubahatisha. Warfarini haina nafasi hapa kama hana sababu nyingine ya kuitumia.

Silostazoli

Hii ndiyo dawa inayolenga malalamiko yenyewe. Inalegeza kuta za ateri na kuzuia chembe sahani zisishikane. Marekani iliruhusiwa mwaka 1999. Majaribio yakijumlishwa, inaongeza umbali wa kutembea bila maumivu kwa mita kama 25 juu ya kidonge bandia, na umbali wa juu kabisa kwa mita kama 40. Kwa mtu wa mita 150 hiyo inaweza kuwa tofauti ya kufika kituo cha daladala bila kusimama, au isiwe kitu. Inategemea mtu.

Marufuku yake ya kwanza ni moyo kushindwa kazi, kwa kiwango chochote, hata kidogo. Silostazoli iko kundi moja na milrinoni, dawa ya moyo ambayo mwaka 1991 utafiti wa PROMISE ulionyesha kwamba ikimezwa na wenye moyo dhaifu sana inaongeza vifo. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza apimwe moyo kwa ultrasaundi na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Mwulizeni kama anaishiwa pumzi akilala chali, au akipanda ngazi kidogo. Miguu kuvimba ni dalili nyingine, ingawa hapa pana mtego: amlodipini nayo huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi wenye moyo mzima kabisa. Kipimo ndicho kinachoamua, si macho.

Asiitumie pia kama alipata mshtuko wa moyo au alipanuliwa mshipa wa moyo ndani ya miezi 6 iliyopita, ana maumivu ya kifua yasiyotulia, ana historia ya mapigo ya moyo kwenda mbio vibaya, ana kidonda cha tumbo kinachovuja damu, au figo zimechoka hadi uwezo wa kuchuja uko mililita 25 kwa dakika au chini. Inaweza kwenda na aspirini peke yake au klopidogreli peke yake. Haiendi na zote mbili, wala na moja ya hizo pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 100 asubuhi na 100 jioni, tumbo likiwa tupu: nusu saa kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Akiimeza na chakula chenye mafuta mengi, kiwango kwenye damu kinapanda ghafla na kichwa kinamgonga. Wengi hukosea hapa, kisha wanasema dawa imewakataa.

Sasa omeprazoli. Inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja silostazoli, kwa hiyo mtu anayetumia zote mbili anapewa nusu, miligramu 50 mara mbili. Omeprazoli hiyo hiyo, kama baba atahamishiwa klopidogreli, inaizuia klopidogreli isigeuzwe kuwa dawa hai, na kinga inapungua. Yaani kidonge cha kiungulia kilichochukuliwa dukani kinaharibu hesabu za dawa mbili, moja ikizidi na nyingine ikipungua. Akiacha diklofenaki huenda kiungulia kikaisha. Kisipoisha, pantoprazoli miligramu 40 inamfaa zaidi, kwani haigusi kimeng'enya hicho kwa kiwango kile. Asiondoe kinga ya tumbo kabisa bila kumwuliza daktari, maana kwa umri wake na aspirini anaweza kuihitaji.

Nusu kipimo pia inahitajika akiwa na eritromaisini au klarithromaisini, ketokonazoli, itrakonazoli, flukonazoli au diltiazemu, na kwa anayetumia dawa za VVU zenye ritonavia. Juisi ya balungi aiepuke.

Madhara: takriban mtu mmoja kati ya watatu huumwa kichwa, hasa wiki za mwanzo, wengine huharisha, hupata kizunguzungu au kusikia moyo ukidunda. Mapigo huongezeka kwa kama 5 hadi 7 kwa dakika, hilo si la kutisha. Madaktari wengi huanza na miligramu 50 mara mbili kwa wiki moja au mbili ndipo wapandishe, na kichwa kinavumilika. Mwezi wa Ramadhani, kama daktari wa sukari ameshamruhusu kufunga, kidonge kimoja anameza na maji ya kufungulia kisha asubiri nusu saa kabla ya kula, na kingine nusu saa kabla ya daku.

Pentoksifilini na wenzake

Pentoksifilini miligramu 400 mara tatu kwa siku imekuwepo sokoni Marekani tangu mwaka 1984, na jina lake bado linatembea. Mwaka 2000 ililinganishwa na silostazoli na kidonge bandia kwa wagonjwa 698 kwa wiki 24. Silostazoli ilishinda, pentoksifilini haikutofautiana na kidonge bandia. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 ukasema haifai kwa maumivu haya. Fedha hiyo nunulieni viatu vizuri.

Naftidrofurili, miligramu 200 mara tatu kwa siku, ndiyo Uingereza waliyoichagua kwa maumivu haya mwaka 2011 kupitia NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, wakaiacha silostazoli kwa sababu ya bei ikilinganishwa na faida. Ikipatikana, inamezwa na glasi nzima ya maji, na haimfai aliyewahi kuwa na mawe ya figo ya kujirudia. Mwaka 2025 majibu ya utafiti wa STRIDE yalionyesha sindano ya kisukari ya semaglutaidi, miligramu 1 kwa wiki, iliongeza umbali wa kutembea kwa wenye kisukari aina ya pili, kama asilimia 13 zaidi ya sindano bandia baada ya mwaka mmoja. Kwa baba inahusika moja kwa moja, ila bei yake kwa familia nyingi haifikiki. Vidonge vya ginko na vitamini E havina ushahidi wa maana.

Mtasikia pia kwamba ramipirili inaongeza kutembea. Dawa hiyo ni nzuri kwa presha na kwa kulinda moyo wa mtu kama yeye, lakini utafiti wa mwaka 2013 uliodai maajabu kwenye kutembea ulifutwa na jarida la JAMA mwaka 2015 baada ya kubainika takwimu zilibuniwa. Apewe kwa presha, lengo likiwa chini ya 130/80.

Kipimo cha kutembea

Mazoezi yanayosimamiwa huongeza umbali wa juu kwa mita kama 120. Linganisha na zile 40 za silostazoli. Lakini "tembeatembea kidogo" haitoshi, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Atembee siku 3 hadi 5 kwa wiki, kwa mwendo ambao maumivu yanaanza ndani ya dakika 3 hadi 5. Yakianza asisimame. Aendelee mpaka yawe makali kiasi cha 4 kati ya 5, kisha asimame au akae mpaka yaishe yote, ndipo aanze tena. Jumla ya zoezi, pamoja na mapumziko, ianze na dakika 30 na ipande hadi 45 au 60. Akiona anafika dakika 10 bila kusimama, aongeze mwendo au atafute mwinuko. Afanye hivi wiki 12 bila kukatisha. Mwezi wa kwanza mara nyingi hauonyeshi kitu. Maumivu hayo hayaharibu msuli, na ni vizuri mtu wa nyumbani amhakikishie, kwa sababu silika ya kila mmoja ni kusimama mapema. Akibanwa kifua, asimame na apelekwe hospitali.

Kabla na baada ya kutembea akague nyayo na katikati ya vidole, avae soksi na kiatu kilichofungwa. Ndala zinaleta lengelenge, na lengelenge kwenye mguu wa 0.62 wenye sukari ni mlango wa kidonda ndugu. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto. Asinunue soksi za kubana, hizo ni za mishipa ya veni na kwake zinapunguza damu zaidi.

Sigara tatu bado ni sigara. Kupunguza si kuacha, na ugoro au shisha si mbadala. Akiendelea kuvuta, hata ateri ikifunguliwa kwa puto itaziba mapema.

Wakati vidonge hivi havihusiki

Mguu ukiwa baridi ghafla, mweupe, wenye ganzi na hausogei, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Msuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mishipa usiku huohuo.

Maumivu ya usiku nayo yatazameni vizuri. Yakiwa unyayoni au vidoleni na yanapungua akining'iniza mguu kando ya kitanda, damu haitoshi hata akiwa amelala. Kidonda kisichopona, au kidole kinachobadilika kuwa cheusi, ni kiwango hichohicho. Hapo anahitaji picha za mishipa na kufunguliwa kwa puto, stenti au mshipa mbadala ndani ya siku chache, na dawa kali kama mofini ni halali kumpa wakati akisubiri. Yakiwa ya kuunguza miguu yote miwili, hayabadiliki kwa kuning'iniza, huenda ni neva za kisukari. Hayo yana dawa zake, kama amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kliniki ijayo mwende na vidonge vyote kwenye mfuko, vya dukani vikiwemo, na muombe kolesteroli, kreatinini ya figo, wingi wa damu na kipimo cha moyo. Kabla hajaanza silostazoli, mpimie umbali kwenye njia tambarare: hatua ngapi hadi maumivu yaanze, na ngapi hadi ashindwe. Rudieni kipimo hicho kwenye njia ileile baada ya miezi 3. Kama namba hazijasogea, silostazoli isimamishwe, na mazungumzo na daktari yahamie kwenye puto au mshipa mbadala.